Chumba cha Dobi Bila Sauti

Morogoro,
12 Februari 2024

Shangazi yangu Mwanapili,

Shikamoo. Mimi mzima, alhamdulillahi, na nilifika salama. Visheti ulivyonifungia vilifika pia, lakini mimi sikuvila: wenzangu wa bweni walivimaliza kabla sijavua viatu, na sasa wanauliza shangazi atatuma tena lini. Vipi magoti? Na mwanao Yussuf, bado anakataa kuoa, au boti imemchosha akaanza kutamani kukaa nyumbani?

Barua hii nampa yeye kama ulivyoamuru. Najua ningeweza kukutumia sauti kwenye simu, lakini simu yako inalala kwa wajukuu na nyumba nzima ya Malindi ingesikiliza kabla yako. Basi itapanda basi mpaka Dar es Salaam, Yussuf ataipokea bandarini, na wewe utaisoma umekaa kitini kwako bila ya mshirika.

Siku ninaondoka uliniuliza, "Ummu, hizo picha zetu unakwenda kuziangalia au kuziuza?" Naziangalia, Shangazi. Ndiyo masomo yangu. Mwalimu wetu anasema ukimuuliza mtu anafanyaje kazi yake, atakueleza ile anayodhani anaifanya, au ile iliyoandikwa ofisini. Lakini ukimrekodi, kisha ukairudia dakika moja mara ishirini, unaona anayoifanya kweli. Kwa hiyo kila siku nakaa maktaba, naziba masikio kwa spika ndogo, na kuangalia chumba chenu cha dobi. Siku ishirini na moja za kurekodi, kamera mbili. Nitazeeka sijamaliza.

Na Shangazi, sikujua. Naona haya kuandika hivi. Tangu mtoto nakuona unarudi kutoka hotelini Mbweni unavua viatu na kulaumu magoti, nikidhani kazi yako ni kufua mashuka ya watalii, basi. Kuna kipande wewe na Riyama mnakunja shuka la kitanda kikubwa. Riyama anamsema shemeji yake wala hatazami mikono. Unavuta pembe yako kidogo tu, yeye anasogea nusu hatua, shuka linajikung'uta, pembe zinakutana. Sekunde nane! Nimejaribu na mwenzangu wa chumbani, tukaishia wote wawili chini ya shuka tunatafuta pa kutokea.

Nina maswali matatu. La kwanza, kwa nini baadhi ya mashuka unayaweka shavuni kabla ya kuyapanga kabatini? La pili, unajuaje mashine imejazwa kupita kiasi nawe uko mlangoni, hujaigusa? La tatu ni dogo. Mara kwa mara unaipiga ile meza ndefu ya kukunjia kwa kiganja, pa! Na mara nyingi ni pale Mardhiya anapokuwa upande wa pili. Siku nyingine unamtupia hata taulo. Kwa nini?

Wasalimie wote, na uache kupanda ngazi na ndoo.

Mwanao,
Ummkulthum


Malindi, Unguja,
27 Februari 2024

Mwanangu Ummu,

Marahaba, na Mungu akukuze. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa miwani ya jirani na mara ya pili kwa yangu, ilipopatikana kwenye kopo la sukari. Sisi wazima. Dari la chumba cha nyuma linavuja tena na fundi anasema atakuja "kesho", ile kesho yake unayoijua. Yussuf nimemtajia wasichana watatu. Wote, anasema, wana sauti kubwa. Nimemwambia atafute bubu, akacheka akakimbilia botini kwake.

Haya, maswali yako. Shuka linawekwa shavuni kwa sababu mkono wa dobi hauna akili tena. Mikono yetu imeshikana na maji ya moto na dawa miaka yote hii, haijui tena unyevu na ukavu. Shavu halidanganyi. Shuka likipanda kabatini na unyevu wa kiasi cha pumzi tu, kesho lina harufu, na mgeni aliyelipia chumba cha bahari hatalala juu ya harufu. Riyama hutumia shingo yake. Kila mtu na pake.

Mashine nayo, sikiliza. Ikiwa na nguo kiasi, maji yanapiga na kurudi, unasikia yanacheza. Ikijazwa, hayachezi, yanaguna. Hapo mtu hana haja ya kuigusa, anasema tu "ya pili imeshiba", na aliyeijaza anakuja mwenyewe kuipunguza na kisingizio mkononi.

Umeuliza maswali mawili na nimeyajibu yote mawili. Hayo ndiyo ya kuandika kwenye kitabu chako, na uandike vizuri, maana hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

Mardhiya anakusalimia. Mtoto wake wa mwisho kaanza chekechea hapo Fumba, analia asubuhi na mama analia njiani. Visheti nimekutumia kopo lenye kufuli. Ufunguo umo ndani ya bahasha hii.

Shangazi yako anayekuombea,
Mwanapili


Morogoro,
14 Machi 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Huku tunafutari kwa tende na uji wa bweni, nami kila magharibi nawaza mikate yako ya kumimina. Kopo lenye kufuli limefanya kazi. Wenzangu wanasema wewe ni mwanamke hatari.

Jibu lako la shavu nimelinakili lote katika daftari, na mwalimu wangu alipolisoma alisimama akaenda dirishani. Alisema, "Hili halimo katika kitabu chochote." Nilijisikia fahari kama ni mimi niliyelisema.

Lakini maswali yalikuwa matatu, Shangazi.

Sasa nikueleze jambo. Meneja wenu, Bwana Ridhwan, aliniandikia akitaka kuona kazi imefikia wapi. Hoteli ndiyo iliyonipa ruhusa, na barua yake ilikuwa ya pili. Nimemtumia vipande vinne. Najua niliwaahidi nyote kwamba hakitatoka kipande kabla hamjakiona wenyewe. Mlikuwa mbali, yeye alikuwa na haraka, nami nilitaka sana aone mnavyokunja mashuka, ajue ana watu wa aina gani. Kipande cha tatu ndicho kizuri kuliko vyote. Mwishoni mwake tu kuna lile taulo: Mardhiya yuko kwenye pasi kubwa ya roli, ile inayomeza shuka upande huu na kulitoa limenyooka upande wa pili, na wewe unamtupia taulo, linampiga shingoni. Sikukata. Mwalimu anatukataza kukata tusiyoyapenda.

Niambie kweli, kuna ugomvi kati yako na Mardhiya? Amekukosea? Mimi nitakuelewa. Najua kazi ina uchovu wake na msimamizi ana haki ya kukasirika. Lakini nimehesabu makofi ya meza katika siku moja, ni mengi, na wengine huwapigii.

Nisamehe kuuliza hivi mwezi huu.

Ummkulthum


Malindi, Unguja,
22 Aprili 2024

Ummkulthum,

Marahaba. Idi tuliisali salama. Dari limezibwa. Yussuf hajambo.

Kazi inaendelea. Siku hizi nimewekwa stoo ya sabuni, nagawa na kuandika. Ni kazi ya kukaa, magoti yamepumzika.

Visheti havikupikwa mwaka huu.

Mwanapili


Morogoro,
6 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sijui kama utaipokea shikamoo yangu, lakini naitoa.

Nilipopata barua yako ya mistari sita niliigeuza nyuma nikitafuta iliyobaki. Nikampigia simu Yussuf. Alizungukazunguka, akanieleza habari za injini ya boti, mwisho akasema. Kwamba Bwana Ridhwan alikuita akakuonyesha kipande cha tatu. Kwamba alikuuliza kama hivyo ndivyo unavyowatendea walio chini yako, na ulijibu, "Nimeona, meneja," basi. Kwamba una barua ya onyo, usimamizi wa dobi umesimamishwa, na tarehe tano Juni kuna kikao cha kuamua kama utabaki hotelini au la, baada ya miaka kumi na tisa. Yote hayo kwa mkono wangu, na wewe uliniandikia kwamba magoti yamepumzika.

Nililia, kisha nikafanya kitu pekee ninachokijua: nikarudi kuangalia. Siku hiyo spika zangu za masikioni zilikuwa zimekatika waya na maktaba hairuhusu sauti, nikasema basi, nitaangalia kimyakimya. Kipande cha tatu, Jumatano, saa nne na dakika arubaini.

Shangazi, kwa miezi mitatu nilikuwa nikisikia kengele ya mashine inalia na kuona watu wanageuka, nikaona ni jambo la kawaida, kengele imelia watu wamegeuka. Bila sauti sikuwa na kengele. Nilikuwa na vichwa tu. Kichwa cha Riyama kinainuka, cha Sichana kinainuka, chako kinainuka. Cha Mardhiya hakiinuki. Kiganja chako kinashuka mezani, na hapo, viganja vyake vikiwa juu ya meza ileile, ndipo anainuka.

Nikaenda kwenye taulo. Nikarudisha nyuma kidogo. Mkanda wa pasi, ule unaopeleka shuka kwenye roli ya moto, unateleza kutoka pahala pake. Ukiwa na sauti unausikia unapiga yowe, na mimi nilikuwa nimeusikia mara mia nikauona ni kelele za mashine tu. Sichana anaruka nyuma. Mardhiya anaendelea kusukuma shuka, na vidole vyake vimebakisha shubiri moja kufika kwenye roli. Wewe uko mbali, huwezi kumfikia. Unachukua kilicho karibu. Linampiga, anageuka, mikono yake inatoka.

Nimeangalia mara tatu tu. Mara ya nne sikuweza.

Hukuwa unampiga. Nimekuangalia siku zote hizo nikitazama mkono wako, na sikumtazama yeye hata mara moja. Mardhiya hasikii, sivyo? Hiyo ndiyo sababu ya swali la tatu kutokuwapo. Shangazi, niruhusu nimwandikie meneja leo. Neno moja tu, na barua yako ya onyo inafutwa.

Mwanao, kama bado,
Ummu


Malindi, Unguja,
19 Mei 2024

Ummu,

Marahaba. Shikamoo ya mtoto hairudishwi, hata akiwa mjinga. Wazima sote, na jirani yetu wa chini kajifungua pacha, nyumba haina usingizi.

Usimwandikie. Nasema mwanzo kabisa ili usije ukasoma nusu barua ukakimbilia kompyuta. Usimwandikie.

Sasa nitakueleza, kwa sababu umeshaona, na aliyeona haambiwi hakuona. Mardhiya alipokuja miaka saba nyuma alikuwa akisikia kuliko sisi sote. Ukimwita anaitika "Naam!" mpaka chumba kinajaa. Akamzaa huyu mtoto wa mwisho, akapata homa, akalazwa. Aliporudi nilimwita mara tatu, hakuitika. Nikapiga meza kwa hasira, akageuka. Hasira ya siku ile ilikuwa ya kweli, Mungu anisamehe. Kesho yake nikapiga tena, si kwa hasira, nijaribu tu. Akageuka tena. Nikajua.

Basi nikaendelea. Kofi moja ni mashine ya kwanza, mbili ni ya pili, tatu ni mgeni kaingia. Sikumfundisha, alishika mwenyewe. Midomo anaisoma akiwa mbele yako. Na mwaka huu wa nne unakwisha, mimi na yeye hatujawahi kulitamka. Yeye anadhani sijui. Anadhani mimi ni bibi mwenye mkono mzito na tabia ya kupiga meza, na mimi nimemwachia adhani hivyo. Mtu akificha jambo lake, ukijua unageuza uso. Ndivyo tulivyolelewa, na baba yako angekwambia hivyohivyo angekuwa hai.

Kwa nini asiseme ofisini? Unamkumbuka Mzee Mkubwa wa bustanini? Alikwenda kwa hiari yake akasema jicho moja limepotea. Alifanyiwa chai, akapewa keki na shukrani, na kesho yake hakuitwa tena kazini. Mardhiya ana watoto watatu Fumba na hana mume wa kumtegemea. Nikisema neno nijiokoe, namtoa yeye. Tarehe tano nitasema nimekosa, nina hasira za uzee. Watanihukumu watakavyo. Mimi nina Yussuf, nitakula.

Lakini sitakuficha jambo moja, ingawa nimezoea kuficha. Barua ya meneja haikuniuma. Meneja ananijua kwa jina na namba. Lililoniuma ni lako la Ramadhani. Uliniuliza kama kuna ugomvi, uliniambia utanielewa. Umekaa kwangu likizo zako zote, nimekuchana nywele, nimekufundisha kukunja kanga yako ya kwanza, kisha ukakaa ukaniona nikimpiga mtu, na ukaamini. Nililia stooni kwenye sabuni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, hiyo naijua. Lakini kitanda changu wewe umekilalia.

Uliyoyaona ni amana. Sitaki kuyasoma kwenye kitabu chochote.

Mwanapili


Morogoro,
26 Mei 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimekukosea. Nimeandika sentensi hiyo na kuichana mara nyingi kwa sababu kila nikiongeza maneno inakuwa kujitetea. Niliiamini kamera kuliko nilivyokuamini wewe, na hata kamera sikuiangalia vizuri.

Sikumwandikia meneja habari za Mardhiya. Nimemwandikia jambo langu tu: kwamba nilivunja ahadi yangu kwenu, kwamba vipande vile havikuwa haki yangu kuvitoa, na naomba avifute. Hakujibu. Mwalimu wangu nimemwambia sura ya chumba cha dobi naiondoa. Aliniuliza kama najua ni kazi ya nusu mwaka. Nikamwambia najua.

Yussuf anakuletea flashi ndogo, imo ndani ya kopo la visheti lako, nimelirudisha na kufuli yake. Humo mna rekodi zote za siku ishirini na moja. Kwangu nimefuta. Zilikuwa zenu tangu mwanzo, na waliorekodiwa ndio wa kuamua. Ukitaka, itupe baharini.

Ila nakuomba kwanza ukae na kompyuta ya Yussuf, uzime sauti, uangalie kipande cha tatu mpaka mwisho. Usijitazame wewe. Usimtazame Mardhiya. Watazame Riyama na Sichana. Sisemi zaidi, kwa sababu umenifundisha kunyamaza, na kwa sababu hili linafaa ulione kwa macho yako.

Nakupenda, Shangazi. Hakuna kazi niliyoitazama kwa karibu hivi, na hakuna mtu niliyemheshimu zaidi baada ya kumtazama.

Ummu


Malindi, Unguja,
9 Juni 2024

Mwanangu Ummu,

Marahaba, marahaba. Wazima sote, pacha wa chini wamepewa majina na wameanza kulala kwa zamu. Yussuf anakusalimia, anasema akipata kijana wa kumrithi ubebaji wa barua na visheti ataacha kazi ya boti.

Kaa vizuri, hii ndefu.

Nilikaa na kompyuta siku ileile. Nikazima sauti, yaani Yussuf ndiye aliyeizima. Mara ya kwanza nilijitazama mwenyewe, siwezi kukudanganya, nikaona nimenenepa. Mara ya pili nikafanya ulivyosema. Riyama yule, msemaji kuliko redio, asiyenyamaza hata akimeza! Kila anapotaka kumwambia Mardhiya neno, anazunguka kapu, anakwenda kusimama penye mwanga wa dirisha, anashusha ushungi mdomoni, ndipo anasema. Nasi wengine anatusemesha kwa mgongo. Na Sichana, mtu akitokea mlangoni, anasukuma kitoroli kidogokidogo mpaka kinamgusa Mardhiya kiunoni. Nilidhani yule mtoto hana mkono wa kitoroli. Nilimgombeza mara ngapi!

Ummu, miaka minne nilidhani siri hii niko nayo peke yangu. Kumbe tulikuwa watatu, na kila mmoja akiwaficha wenzake. Nilicheka peke yangu mpaka Yussuf akaja kuniangalia.

Siku mbili nilikaa na ile flashi kwenye ncha ya kanga. Nilisema nikimwonyesha, nimemvua nguo. Nisipomwonyesha, ni picha yake na nimemnyima. Siku ya tatu nilikwenda Fumba na kompyuta chini ya kwapa. Mardhiya akanipikia chai. Tukaangalia.

Akaangalia mpaka mwisho, akaomba irudiwe. Kisha akaniambia, kwa ile sauti yake ya juu, "Bi Mwanapili, kwa hivyo nyote mnajua?"

Nikamgeukia, nikasema, "Tunajua."

"Tangu lini?"

"Tangu uliporudi kutoka kwenye homa."

"Na mie nlokuwa nikijisifu nnajua kuficha," akasema. "Kila siku nkimshukuru Mungu kwa huo mkono wako mzito. Nkisema, hajui huyu bibi anavyonisaidia."

Nilitaka kucheka, lakini yeye hakucheka. Alikasirika. Sijawahi kumwona vile. Akasema, "Miaka minne siendi harusini. Siendi kisomoni. Ndugu yangu kafiwa nkakaa nyumbani, nkiogopa kusemeshwa nsijibu. Nyie mnajua, na hapana hata mmoja alonambia Mardhiya, tunajua, usiogope. Stara gani hiyo?"

Mimi mwenye majibu ya kila kitu, ya shavu na ya mashine inayoguna, nilimwambia nimekosa. Ni mara ya kwanza katika jambo hili zima nimesema neno hilo na likawa kweli. Tukalia, chai ikapoa, akapika nyingine. Hapo ndipo nikamwambia habari za kikao, maana alikuwa hajui kwa nini niko stoo. Alikuwa amedhani ni magoti. Flashi nikaiacha kwake.

Jumatano tarehe tano niliingia ofisini kwa Bwana Ridhwan na maneno yangu tayari, nina hasira za uzee na kadhalika. Sikuyafikia. Mlango ulifunguliwa, kaingia Mardhiya bila hodi, nyuma yake Riyama, nyuma yake Sichana na sare yake yenye maji. Mardhiya akaweka flashi mezani. "Meneja, zima sauti," akasema, "utazame mpaka nkwambie basi."

Bwana Ridhwan mtu mzima, alitazama. Alipomaliza Mardhiya akamwambia, "Mie siskii, mwaka wa nne huu. Kama yupo wa kutolewa, ntolewe mie. Huyu barua yake ichaneni. Hakunipiga, kanirudishia vidole vyangu."

Meneja alifunga kompyuta, akavuta droo. Nilidhani anatafuta keki. Kisha akasema polepole, akimtazama Mardhiya usoni, na hapo nikajua kashafahamu: "Nilikuwa nikikusalimia koridoni mwaka mzima. Nikadhani unanidharau."

"Sikukuskia, meneja."

"Na mimi nikaacha kukusalimia," akasema. Akaona haya, Ummu. Mtu mwenye tai yake.

Hakuamua siku ile, alisema lazima awaulize wenye hoteli. Jana jibu limekuja. Barua yangu imechanwa mbele yangu, nimerudi kwenye dobi. Mardhiya anabaki. Kwenye pasi ya roli ameondolewa, amepewa kabati la mashuka na funguo zake, na kila mashine itawekwa taa ya kuwaka ikimaliza. Mzee Mkubwa naye Riyama kamtaja palepale, mdomo wake ule, na meneja kasema atamwita. Tutaona. Ahadi ya ofisi mimi naihesabu ikishafika mfukoni.

Sasa lako. Mardhiya anasema ile sura uirudishe kwenye kitabu, na jina lake liandikwe lote mpaka la babu, hataki kufichwa tena. Rekodi unarudishiwa na Yussuf. Mimi nilikukasirikia, na nilikuwa na haki. Lakini walionitazama ni wengi, na wewe peke yako ulirudi kutazama tena ukakiri kwamba hukuona. Hasira imekwisha, sijui siku gani hasa, pengine Fumba, nilipoona kwamba nami nimemtazama mtu miaka minne na nusu yake sikuiona.

Idi ya Mfunguo Tatu, ya kuchinja, haizidi siku nane, panda basi uje. Mardhiya nimemwalika, na amekubali, itakuwa karamu yake ya kwanza. Kutakuwa na watu wengi na kelele nyingi. Utakapotaka kuzungumza naye, mguse mkono kwanza, kaa mbele yake penye mwanga, na usipige kelele. Sema kawaida tu, atakujibu.

Shangazi yako,
Mwanapili